JOTO LINALOMWAGWA MTONI



Kila mara kapita akipewa ukurasa katika gazeti hili, anaandika juu ya nidhamu: kuchelewa, kelele bwenini, shati nje ya suruali. Mara hii mtanisamehe. Habari ya shati nitaisema, lakini kwa njia nyingine. Nataka tujiulize shati lenyewe lilitengenezwa kwa moto gani.

Wazo hili lilinijia katika somo la fiziki. Mwalimu alikuwa anatueleza frigo. Mmoja wetu akainua mkono: "Mwalimu, juu ya nini frigo iko na baridi ndani, lakini ukishika kule nyuma unasikia moto?" Tulicheka, tukidhani ni ulizo la mtoto. Mwalimu hakucheka. Akasema: "Lile joto la nyuma ndilo lililokuwa ndani. Frigo haiumbi baridi. Inachukua joto hapa na kulipeleka pale." Halafu akaongeza neno ambalo haliko katika daftari zetu: "Mtu akitumia mashine kama hiyo kwa kutafuta joto, si kwa kutafuta baridi, tunaiita pompi ya joto. Huko ng'ambo kuna viwanda vya nguo vilivyoanza kuitumia." Kengele ikalia, wenzangu wakakimbilia chakula. Mimi nilibaki na maneno yale.

Maoni yangu ni haya: siku nchi yetu itakapofungua tena viwanda vya nguo, visianze kwa kuwasha moto mpya. Vianze kwa kuokota joto ambalo kila kiwanda cha nguo kinalimwaga mtoni.

Tuanze na nguo. Pamba ikitoka shambani inasokotwa kuwa nyuzi, nyuzi zinafumwa kuwa nguo. Kazi hiyo inataka motere zaidi kuliko moto. Lakini nguo iliyotoka kwenye mashine ya kufuma haijawa tayari. Iko na nta yake ya pamba, iko na wanga uliopakwa nyuzi ili zisikatike. Lazima wanga utolewe, nguo ichemshwe pamoja na soda katika maji yanayokaribia digri 100, ipaushwe iwe nyeupe, itiwe rangi, ioshwe, ioshwe tena, halafu ikaushwe. Rangi nyingi za pamba zinashika vizuri katika maji ya digri 60 hivi. Poliesta ni mkaidi zaidi, inataka digri 130 ndani ya chombo kilichofungwa. Katika viwanda vya kizamani, kilo moja ya nguo inaweza kula lita 100 za maji na zaidi, na sehemu kubwa ya maji hayo lazima yapashwe moto.

Moto huo unatoka wapi? Unatoka katika shodieri, yaani lile pipa kubwa la chuma linalogeuza maji kuwa mvuke. Huko China na India shodieri nyingi zimelishwa makaa ya mawe. Bangladesh wanatumia zaidi gazi ya ardhini. Kwingine ni mazuti, kwingine ni kuni. Sisi wa seksioni ya Chimi-Bioloji tunajua hesabu yake: atomi ya kaboni ina uzito wa 12, lakini ikiungua inakuwa gazi kaboniki yenye uzito wa 44. Kwa hiyo kilo moja ya kaboni inatoa karibu kilo 3 na nusu za gazi ile, na zaidi kidogo. Haionekani kwa macho, haina harufu, lakini inabaki hewani miaka mingi na kuifunika dunia kama blanketi.

Na baada ya kazi yote hiyo, maji yale yanaenda wapi? Yanamwagwa. Yanatoka kiwandani yakiwa bado na digri 40, 50, hata 60, yanapita katika mfereji, yanaingia mtoni. Mtu amenunua makaa, amechafua hewa, amepasha maji, halafu saa ileile anawapashia samaki. Kesho yake asubuhi anachota maji mengine ya baridi na kuanza upya. Ndugu zangu, kama mpishi wetu angemwaga nusu ya ugali kila siku halafu apike mwingine, Bwana Prefe angemwita ofisini kabla ya jua kuzama.

Hapa ndipo zinapoingia dawa mbili. Ya kwanza ni rahisi, haitaki hata mashine. Pitisha maji machafu ya moto katika bomba moja, na maji safi ya baridi katika bomba jingine linalogusana nalo. Maji hayachanganyiki, lakini joto linavuka lenyewe. Kila kiwanda kingepaswa kufanya hivyo kwanza. Lakini kwa njia hiyo joto linateremka tu, halipandi. Maji machafu ya digri 50 hayawezi kamwe kukupa maji safi ya digri 80.

Dawa ya pili ndiyo pompi ya joto. Ndani yake kuna maji ya namna ya pekee yanayochemka kwa joto dogo tu. Yanapita karibu na maji machafu, yanachemka, yanakuwa gazi. Kompresa inalibana gazi lile. Nani hajawahi kusikia pompi ya baiskeli inavyopata moto ukijaza hewa kwa nguvu? Gazi likibanwa linapanda joto, linapita karibu na maji safi, linawapa joto lake, na likiisha kulitoa linageuka kuwa maji tena. Linapita katika tundu nyembamba, linapoa, safari inaanza upya.

Umeme unaolipwa ni ule wa kubana tu. Joto lenyewe halikununuliwa, liliokotwa. Nimepiga hesabu pamoja na wenzangu wawili. Chukua lita 1000 za maji ya digri 25, uyapeleke mpaka digri 80. Kazi hiyo inataka kilowati-saa 64 za joto. Ukitumia shodieri ya mazuti inayopoteza sehemu ya tano ya moto wake, utachoma lita 8 hivi, na utatupa hewani zaidi ya kilo 20 za gazi kaboniki. Ukitumia kuni kavu, ni kilo 20 na zaidi, fungu zima la kuvunja shingo ya mama. Ukitumia umeme mtupu, kama lile chuma tunalotumbukiza katika ndoo, ni kilowati-saa 64 zote. Lakini pompi nzuri ya joto, ikivuta kutoka katika maji machafu, inaweza kufanya kazi ileile kwa kilowati-saa 16 za umeme. Zile 48 nyingine zinatoka katika maji ambayo yangemwagwa.

Si uchawi, na si mashine ya kuumba nguvu kutoka katika utupu. Mtu akikuambia hivyo, ni bongo. Kubeba joto kuna bei, na bei inapanda kwa kadiri ya kilima. Ukibeba bidoni ya maji kutoka nusu ya mlima mpaka juu, hauchoki kama yule aliyeibeba toka ziwani. Kutoka digri 40 mpaka 80 ni kilima kifupi. Chukua digri za Kelvin, gawanya 353 kwa 40, unapata karibu 9. Huo ndio mpaka ambao hakuna mashine itakayouvuka. Mashine za kweli zinapata nusu ya hapo hivi, yaani 4. Kutoka 40 mpaka 120 ni kilima kirefu: mpaka wake hauzidi 5, na mashine ya kweli haifiki 3. Ndiyo sababu pompi ya joto ni bora sana kwa maji ya kufua na kutia rangi, na si nzuri bado kwa zile mashine za kunyoosha na kukausha nguo kwa hewa ya digri 150 mpaka 200. Hapo lazima mtu atafute njia nyingine. Nalisema wazi ili mtu asinikamate kwa uwongo.

Wala si kitu kipya kilichozuka juzi. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, yule wa digri zetu, alieleza wazo hili mwaka 1852. Katika miaka ileile Peter von Rittinger alijenga mashine ya namna hiyo huko Ebensee, katika Austria, kwa kukausha maji ya chumvi bila kuchoma kuni nyingi. Na mwaka 1938, katika mji wa Zurich, Uswisi, nyumba ya baraza ilianza kupashwa joto kwa pompi iliyovuta joto kutoka mto Limmat. Fikirini: mto wa nchi ya teluji! Watu wale walikuwa na shida ya makaa, wakatazama mto wao, wakaona joto mahali ambapo wengine waliona baridi.

Sasa turudi kwetu. Juu ya nini jambo hili linatuhusu sisi wa Kalemie?

La kwanza, tulikuwa na kiwanda. Filtisaf ilisokota na kufuma pamba hapa toka wakati wa Wabelgiji. Leo imenyamaza, na sisi tunaokaa kwenye madawati haya hatukuikuta ikifanya kazi. Mababu zetu walilazimishwa kulima pamba katika ukoloni. Sisi wajukuu tunavaa chagua iliyovaliwa na wengine, na mama zetu wananunua vikwembe vilivyotoka China. Vikwembe vile ni vizuri, sikatai, lakini moshi wake ulibaki kule na faida yake ilibaki kule. Vijana wengi wanaomaliza masomo hapa wanaenda kuchimba mchanga wa madini au wanakaa tu. Nchi isiyojivisha yenyewe haiwezi kusema imesimama.

La pili, na hili ndilo kubwa: usafi wa pompi ya joto ni usafi wa umeme wake. Mahali ambapo umeme unatoka katika makaa ya mawe, pompi inapunguza gazi, lakini haiimalizi. Zile kilowati-saa 16 zinataka karibu 46 za makaa katika kiwanda cha umeme, kuliko 80 katika shodieri. Ni nafuu, lakini si mwisho wa moshi. Sisi Kongo umeme wetu karibu wote unatoka katika maporomoko ya maji. Inga ya kwanza ilianza 1972, Inga ya pili 1982. Kisangani, mji wa Sotexki, uko na maporomoko ya Tshopo. Sisi tuko na Bendera, kwenye mto Kyimbi, iliyojengwa kwa nguvu ya megawati 17 hivi. Hakuna makaa ndani yake, hakuna mazuti. Kiwanda cha nguo chenye pompi za joto, kikila umeme wa namna hiyo, kingepasha maji yake karibu bila moshi. Nchi tajiri zinatafuta kitu hicho kwa mabilioni, na sisi mto umetupa bure.

Nasikia tayari sauti kutoka bwenini: "Weye kapita, tuko tunasoma na tochi, kuran imekatika toka juzi, unatuletea habari ya pompi ya joto?" Ulizo hilo ni la haki, na sitalikimbia. Ni kweli, umeme hautoshi na unakatika. Lakini sikilizeni: kwa sababu umeme ni haba, ndiyo maana lazima utumiwe kwa akili. Kiwanda kikipasha maji kwa umeme mtupu kitachukua mara nne ya ule ambao pompi ingechukua. Zile sehemu tatu ndizo taa za mtaa mzima, ndizo frigo ya dawa za sindano katika hospitali. Tena maji ya moto yanakubali kungoja. Pompi inaweza kufanya kazi usiku watu wakiwa wamelala, ikajaza tangi kubwa lililofunikwa vizuri, na asubuhi kiwanda kikachota. Na shodieri ya zamani ibaki pale kama mzee wa akiba, iwashwe siku kuran inapokosa. Afadhali moto siku moja moja kuliko moto kila siku.

Wengine watasema: "Bei." Nao wana haki. Pompi kubwa ya joto inagharimu kuliko shodieri ya nguvu ileile, tena mara kadhaa. Lakini shodieri ni kama mtoto asiyeshiba, kila asubuhi anadai mazuti yaliyonunuliwa kwa dola na kuletwa kutoka mbali. Kanuni yake hata mwanafunzi wa mwaka wa pili ataielewa: kama pompi inatoa joto mara nne ya umeme wake, basi inashinda ilimradi kilowati-saa ya umeme haijafika mara nne ya bei ya kilowati-saa ya joto la shodieri. Umeme ukiwa ghali kupita hapo, mwenye kiwanda hataitaka hata ukimhubiria. Kwa hiyo ni kazi ya Serikali pia, kupanga bei ili aliye safi asiadhibiwe.

Na wa tatu watasema: "Waliochafua hewa ni wakubwa wa dunia. Sisi tuko na kosa gani?" Kweli, kosa letu ni dogo sana. Lakini msitu unaokatwa ni wetu. Mimi mwenyewe nimeandika orodha ya salongo ya kuni miaka miwili sasa. Nilipokuwa mdogo hapa, tuliokota kuni nyuma ya kiwanja cha mpira. Leo wadogo ninaowatuma wanavuka vilima viwili, wanarudi wamechelewa, na mimi kapita nawaandika katika daftari la makosa. Siku moja mmoja aliniuliza: "Kaka kapita, tutafanya nini, miti ndiyo imekimbia?" Sikuwa na jibu. Nikafuta jina lake. Sasa fikirini kiwanda kizima kikiwekwa katika mji huu pamoja na shodieri ya kuni. Miti itakimbia mpaka wapi?

Kuna jambo moja la kuangalia. Yale maji ya pekee yanayozunguka ndani ya pompi, mengine yakivuja ni mabaya kwa hewa kupita gazi kaboniki zaidi ya mara 1000. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, kwa jirani zetu, wakapatana kuyapunguza polepole. Ziko aina nyingine zisizo na dhambi hiyo, kama amoniaki, lakini amoniaki nayo ni sumu kwa pumzi ya mtu. Kwa hiyo mashine hizi zinataka mafundi wanaojua kazi, si watu wa kubahatisha kwa nyundo.

Hapo ndipo nawageukia ninyi. Mashine ikiletwa kesho, nani ataifunga? Nani atasikia kwamba kompresa inalia vibaya? Tukiwa hatujui, ataletwa mtu kwa ndege, naye akirudi kwao, pompi itageuka nyumba ya kuku. Mara nyingi tunasikia kwamba fundi umeme na fundi frigo ni kazi ya aliyeshindwa masomo. Mawazo hayo yamezeeka, tuyatupe. Wadogo zangu mnaochagua seksioni mwaka huu, na ninyi dada zetu ambao mnaambiwa motere si kazi yenu, fikirini kabla ya kuandika. Na ninyi walimu wetu, tunaomba somo la frigo lisiishe kwenye kengele.

Tunajua wote habari ya mikate mitano na samaki wawili. Mahubiri mengi yanasimama pale watu waliposhiba. Lakini Yohana anaendelea: Yesu, ambaye alikuwa na uwezo wa kufanya mikate mingine wakati wowote, aliwaamuru wanafunzi wake waokote vipande vilivyobaki. Hakusema, tuko na nguvu, mabaki yaoze. Vilijaa vikapu kumi na viwili. Mwenye nguvu zote aliokota mabaki. Sisi wenye taa inayokatika tunamwaga.

Siku watu wakubwa watakapokuja kusema kwamba kiwanda cha nguo kitafunguliwa tena, tusipige makofi tu. Tuulize kwa heshima maulizo matatu. Joto litatoka wapi? Maji ya moto yatamwagwa wapi? Na ni nani hapa kwetu aliyefundishwa kulinda mashine? Asiye na jibu la hayo, mwambieni arudi akajifunze fiziki.

Kwa sasa, tangu juma lijalo, sufuria za jikoni zitafunikwa wakati wa kuchemsha. Nimekwisha kupatana na mpishi. Na daftari la makosa ya kuni nimelifunga mpaka tutakapoona njia nyingine pamoja na Bwana Prefe.

Bwana awabariki katika masomo yenu, na wenzangu wa mwaka wa sita, atushike mkono katika Egzamen ya Serikali.

Kapita mkuu wa wanafunzi,
mwaka wa sita, Chimi-Bioloji